UZEE WA MTUMISHI NA MARADHI YA MOYO

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano mkuu wa mwaka)



Barua ya Bwana Katibu iliponifikia, ikinitaka niseme habari ya umri na maradhi ya moyo, nilikusudia kukataa, maana mimi si tabibu. Mimi ni karani mstaafu. Lakini kwa miaka 31 nilitunza daftari za wagonjwa katika hospitali moja ya wilaya, na mtu aandikaye kila siku majina ya wagonjwa, na umri wao, na maradhi yao, hana budi kujifunza jambo, hata kama hakupita chuo cha uganga. Basi niliyoyaona kwa macho yangu nitawaeleza kama nilivyoyaona, na mengine nitakayosema nimeyapata katika maandiko ya matabibu, nikayasoma polepole na kuuliza nisipofahamu.

Nitaanza na kisa kimoja. Alikuwako mkuu wangu wa kazi, mtu mwadilifu, ambaye katika utumishi wake wote hakuchelewa ofisini. Alistaafu kwa lazima alipotimiza miaka 60. Tulimfanyia karamu, tukampa baiskeli na blanketi, naye akatuambia ya kwamba sasa anakwenda kulima mihogo na kucheza na wajukuu. Mwezi wa nane baada ya siku ile aliletwa hospitali kwa machela, hawezi kusema, na upande wake wa kuume umekufa ganzi. Mimi ndimi niliyeandika jina lake. Umri: 60. Maradhi: kiharusi. Siku ya tatu niliandika neno la mwisho katika safu ya mwisho.

Baada ya mazishi nilifungua jalada lake la zamani. Nilikuta amepimwa shinikizo la damu mara tatu katika miaka 11, kila mara alipokuja kwa jambo jingine: mara ya kwanza kwa jino, ya pili kwa homa ya malaria, ya tatu kwa jeraha la mguu. Mara ya kwanza lilikuwa 160 kwa 100, ya pili 172 kwa 104, ya tatu 180 kwa 110. Hakupewa dawa hata mara moja. Nikakumbuka ya kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuniambia, akicheka, "Wameniambia presha imepanda kidogo, ni umri tu."

Ni umri tu. Mabibi na Mabwana, maneno hayo matatu ndiyo niliyokuja kuyajadili leo. Je, ni kweli? Na ikiwa ni kweli, ni kweli kwa kadiri gani?

Yafaa kwanza tukiri ya kwamba yana ukweli ndani yake. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 70 hivi kwa dakika, yaani mara 100,000 na zaidi kwa siku. Anayefikia umri wa kustaafu kwa hiari, miaka 55, moyo wake umekwisha kupiga zaidi ya mara milioni elfu mbili, pasipo likizo hata ya dakika moja. Hakuna mashine ya ofisi iwezayo kufanya kazi hiyo bila kuchakaa.

Mshipa mkuu utokao moyoni, katika ujana, ni laini kama mpira: moyo usukumapo damu, mshipa hupanuka kuipokea, kisha hurudi taratibu na kuisukuma mbele. Miaka ipitapo, nyuzi zile za mpira hukatika na mahali pake huingia nyuzi ngumu. Mshipa huwa kama bomba. Hapo moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, na kuta zake hunenepa, kama mkono wa mpasua kuni unenepavyo. Ndiyo maana kwa watu wengi waliopita miaka 50 hesabu ya juu ya shinikizo huendelea kupanda, wakati hesabu ya chini huanza kushuka. Tena, ndani ya mishipa midogo iulishayo moyo wenyewe, mafuta hujikusanya ukutani kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba hiki kikijaa, utando ulio juu ya mafuta hupasuka, damu huganda, njia huziba, na sehemu ya moyo hufa.

Vijana mlioketi nyuma msidhani kuwa maneno haya ni ya wazee peke yao. Mwaka 1953 matabibu wa jeshi la Marekani walitoa habari za maiti 300 za askari waliouawa katika vita vya Korea. Umri wao kwa wastani ulikuwa miaka 22. Katika zaidi ya robo tatu yao palionekana dalili za maradhi kuanza katika mishipa ya moyo, nao walikuwa vijana waliopita mtihani wa afya wa jeshi. Kwa hiyo maradhi haya tuyaitayo ya uzee huzaliwa katika ujana, na uzee huyakuta yamekwisha kukua.

Sasa natazama upande wa pili wa jambo. Katika mji wa Framingham, katika jimbo la Massachusetts, Marekani, mwaka 1948 matabibu walianza kuwaangalia watu 5,209, wanaume kwa wanawake, wakiwapima tena na tena miaka nenda miaka rudi, kisha watoto wao, kisha wajukuu wao. Ni kutoka huko hasa dunia ilikojifunza kuhesabu mambo yaletayo maradhi ya moyo: shinikizo la damu, mafuta mabaya katika damu, sigara, kisukari, unene. Mwaka 2002 walitangaza ya kwamba mtu wa kwao aliyefika miaka 55 au 65 hali hana shinikizo la juu, bado ana nafasi 9 katika 10 za kulipata kabla ya kufa. Asikiaye hayo atasema, "Haya basi, ni umri tu."

Lakini ngojeni kidogo. Mwaka 1929 tabibu mmoja Mwingereza, Donnison, aliyefanya kazi katika hospitali ya wenyeji huko Kavirondo ya Kusini, nchi ya Kenya, alitoa habari katika gazeti la matabibu la London. Alikuwa amewapima shinikizo Waafrika 1,000 wa pande zile. Aliona kuwa hata kufikia miaka 40 hivi damu yao ilikwenda sawasawa na ya Wazungu. Lakini baada ya hapo, mahali ambapo ya Wazungu ilipanda, ya watu wale haikupanda, bali ilielekea kushuka. Ni kweli kwamba watu wa siku zile hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, na umri wa wengi ulikuwa wa kukisia. Hata hivyo mzee wa miaka 70 hafanani na kijana wa 25, na tabibu hawezi kukosa kuwatofautisha. Wazee wale walikuwa wamezeeka, nayo damu yao haikuzeeka kwa namna ile ya Framingham.

Je, walikuwa na damu ya namna nyingine? Jibu lilikuja baada ya miaka 60 na kitu. Mwaka 1990 matabibu walitangaza habari za vijana wa Kijaluo waliohama kutoka vijiji vya magharibi ya Kenya kwenda Nairobi kutafuta kazi. Waliwafuata kwa muda wa hata miaka miwili, wakawalinganisha na wenzao waliobaki kijijini. Waliohama shinikizo lao lilionekana kuwa juu kuliko la wenzao, tena mapema, katika miezi ya kwanza tu ya maisha ya mjini. Uzito wao ulikuwa umeongezeka, mapigo ya moyo yalikwenda mbio zaidi, na mkojo wao ulionyesha kwamba wanakula chumvi nyingi zaidi, na kupungukiwa madini yale yatokanayo na mboga na matunda. Watu ni wale wale, ukoo ni ule ule, na umri ni sawasawa. Kilichobadilika ni makao, chakula na kazi.

Hapo ndipo nilipopata jibu la neno la mkuu wangu. Umri peke yake hufanya mengine, kama kuukausha mshipa mkuu, wala hatuwezi kuukataa. Lakini sehemu kubwa ya lile tuliitalo umri ni jumla ya miaka mingi ya chumvi, ya kukaa kitini, ya sigara, ya mafuta na ya wasiwasi. Sisi makarani tunajua maana ya jumla. Mtu hawezi kuulaumu mstari wa chini wa hesabu kwa yale yaliyoandikwa juu yake.

Na hapa, Bwana Mwenyekiti, jambo hili latuhusu sisi watumishi kupita watu wengine, kwa kuwa watumishi wa serikali na wa mabasi ndio waliochunguzwa sana.

Mwaka 1953 tabibu Jerry Morris wa London alitoa habari za watu wa mabasi ya ghorofa mbili ya mji ule. Dereva na kondakta walivaa sare moja, walifanya kazi katika gari moja, saa zile zile. Dereva alikaa kitini kutwa. Kondakta alipanda na kushuka ngazi, vipandio 500 hata 750 kwa siku moja ya kazi. Ikaonekana ya kwamba makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na walipopatwa, hayakuwaua upesi kama yalivyowaua madereva. Kisha akatazama watumishi wa posta: wale wanaogawa barua kwa miguu na kwa baiskeli walisalimika kuliko makarani waketio mezani. Nilipoyasoma hayo nilitazama kiti changu, ambacho nilikuwa nimekikalia miaka 20, nikakiona kwa jicho jingine.

Lakini tusifikiri ya kwamba kiti ndicho peke yake chenye hatia. Mwaka 1967 ulianza uchunguzi wa watumishi wanaume wa serikali ya Uingereza huko Whitehall, London. Walidhani pengine wakubwa, wenye mzigo wa madaraka, ndio watakaokufa zaidi kwa moyo. Habari zilizotolewa mwaka 1978 zilionyesha kinyume. Watu wa daraja la chini kabisa, matarishi na mabawabu, walikufa kwa maradhi ya moyo zaidi ya mara tatu kuliko wakubwa wa daraja la juu. Tena ilikuwa kama ngazi: kila kipandio mtu alichoshuka, hatari ilizidi. Sigara na shinikizo la damu vilieleza sehemu tu ya tofauti ile. Uchunguzi wa pili, ulioanza mwaka 1985 kwa watumishi 10,308, wanawake wakiwamo, uliona ya kwamba mtu asiye na neno katika kazi yake mwenyewe, ambaye kila kitu huamriwa na mwingine, yumo katika hatari zaidi. Naomba viongozi wa chama chetu walikumbuke jambo hili wakaapo kuzungumza na waajiri. Kumtendea mtumishi kwa heshima na kumsikiliza ni jambo la adabu, na pia ni jambo la uhai wake.

Kwa dada zetu nina neno la pekee. Yako mazoea ya kusema ya kwamba maradhi ya moyo ni ya wanaume. Kweli ni kwamba wanawake hupatwa kwa kuchelewa, kama miaka saba hata kumi baada ya wanaume, na hatari yao huongezeka wakomapo hedhi. Kuchelewa si kuepuka. Tena dalili kwao, na kwa wazee, na kwa wenye kisukari, pengine hazifanani na zile tulizozizoea. Wengi hushikwa na uzito kifuani kama mtu aliyewekewa jiwe, maumivu yapandayo taya au kushuka mkono wa kushoto, na jasho la baridi. Lakini mwingine huona kuchoka ghafula tu, au kukosa pumzi, au kichefuchefu, akadhani ni chakula. Aonaye hayo asingoje asubuhi, wala asilale apate nafuu. Apelekwe hospitali saa ile ile.

Sasa mtu aliyekwisha kuzeeka atauliza, "Mimi nimepita 60, maji yamekwisha kumwagika. Kuna faida gani?" Nitamjibu kwa mambo mawili.

La kwanza ni habari ya Rais Roosevelt wa Marekani. Mwaka 1944 tabibu wa moyo alimpima, akakuta 186 kwa 108. Alikuwa mtu mwenye uwezo mkubwa kuliko karibu watu wote wa dunia, lakini dawa nzuri ya kumeza haikuwapo. Tarehe 12 Aprili 1945 mshipa ulipasuka katika ubongo wake, akafa, umri wake miaka 63. Dawa iitwayo klorothiazidi, ambayo huutoa mwilini ule wingi wa chumvi na maji, ilianza kutolewa mwaka 1958, na nyingine nyingi zikaifuata. Basi karani wa leo mwenye kadi ya bima aweza kupata katika hospitali ya wilaya kile ambacho Rais yule hakuweza kukipata kwa fedha yoyote. Kukiacha ni hasara ya kujitakia.

La pili ni uchunguzi uliotangazwa mwaka 2008, wa watu 3,845, wote wenye miaka 80 na zaidi. Nusu walipewa dawa ya shinikizo, nusu walipewa vidonge visivyo na kitu. Waliopewa dawa, vifo vyao vilipungua kwa sehemu moja katika tano hivi, na moyo kushindwa kazi kukapungua kwa zaidi ya nusu. Ikiwa mtu wa miaka 80 hufaidika, mwenye 60 atasema nini? Hata mwenye kuvuta sigara, aachapo leo, baada ya mwaka mmoja ile hatari ya ziada ya moyo aliyojiletea hupungua kadiri ya nusu.

Msidhani nawahubiria nikiwa mimi ni mtakatifu. Nilipokuwa na miaka 52, mwaka mmoja baada ya kumzika mkuu wangu, nilipimwa, nikaambiwa 168 kwa 100. Sikuwa na maumivu yoyote. Nilipewa vidonge, nikavimeza siku 40, nikajiona mzima, nikavitia katika mtoto wa meza. Vilikaa humo miezi tisa, pamoja na vibanio vya karatasi. Mke wangu ndiye aliyevikuta, siku aliyoniletea chakula ofisini. Hakunigombeza. Aliviweka juu ya meza mbele yangu, akasema, "Baba fulani, karamu ya kustaafu mtafanya, ya arobaini sitaki kuipika mimi." Tangu siku ile nimemeza kila asubuhi, na leo nina miaka 67. Nawaambia haya ili mjue ya kwamba maradhi haya hayana kengele. Mwenye kungoja maumivu ndipo atafute dawa, pengine atapata maumivu asipate nafasi ya dawa.

Basi, Bwana Mwenyekiti, namaliza kwa maneno machache ya kutenda.

Kwanza, kila mwanachama aliyefika miaka 40, na mwingine yeyote ambaye mzazi wake alikufa kwa kiharusi au moyo, apimwe shinikizo la damu walau mara moja kwa mwaka. Akikuta 140 kwa 90 au zaidi, apimwe tena siku nyingine, na likibaki hivyo, aanze matibabu wala asiambiwe ni umri tu. Apimwe na sukari pia.

Pili, chumvi yote ya siku moja, pamoja na iliyomo ndani ya mkate na vyakula vya kununua, isipite kijiko kimoja kidogo cha chai. Kidau cha chumvi kiondolewe mezani. Mchicha, maharage, matunda na samaki tulivirithi kwa wazee wetu, wala si chakula cha unyonge.

Tatu, tutembee. Dakika 30 za mwendo wa haraka, siku tano kwa juma, zatosha kwa mwanzo. Anayeweza kushuka kituo kimoja kabla ya ofisi na ashuke.

Nne, aliyepewa dawa asiikatishe kwa kuwa amejisikia mzima. Kujisikia mzima ndiyo kazi ya dawa.

Tano, na hili ni ombi kwa mkutano huu. Natoa shauri ya kwamba chama kinunue mashine moja ya kupimia shinikizo la damu, itunzwe na Katibu pamoja na daftari la mahudhurio, na kila tukutanapo mwanachama apimwe kabla ya kutia sahihi. Hesabu zake aandikiwe katika kijitabu chake mwenyewe, kiwe siri yake. Hapo tutakuwa tumeuziba ufa, tusije tukajenga ukuta. Maana kiinua mgongo ni fedha ya mtu aliye hai. Na wajukuu hawachezi na blanketi la babu, huchezea mgongoni pake.

Mkuu wangu alikuwa na miaka 11 ya kuonywa, nasi tuliokuwa karibu naye hatukujua kusoma hesabu ile. Ninyi leo mmekwisha kuisomewa. Atakayesikia tena mwenziwe akisema, "Ni umri tu," amshike mkono ampeleke akapimwe.